Msokoto wa Kuketi: Shajara ya Mradi, Tudor, Mombasa

Mradi huu una lengo moja: kukaa katika msokoto wa uti wa mgongo, ule unaojulikana katika yoga kwa jina la Ardha Matsyendrasana, kwa pande zote mbili, nikiwa nimeketi wima juu ya mifupa yote miwili ya makalio, na kifua kikizunguka kwa nguvu ya misuli ya kiwiliwili kabla mkono haujaombwa msaada. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo mradi wenyewe. Kujisokota kwa kulivuta goti kwa kiwiko ni jambo ambalo mwenye mkono wenye nguvu analiweza siku ya kwanza. Ninachotaka kujua ni kiasi gani mgongo unazunguka wenyewe, na kwa nini upande wangu wa kushoto ni mzito kuliko wa kulia.

Kwa asiyeujua mkao, maelezo yake ni haya. Mtu huketi sakafuni miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Goti la kulia hukunjwa, na unyayo wa kulia huwekwa chini upande wa nje wa paja la kushoto. Mguu wa kushoto ama hubaki umenyooka, ama hukunjwa ukilala sakafuni hadi kisigino chake kikaribie tako la kulia. Pumzi inapoingia mgongo hurefushwa, na inapotoka kiwiliwili huzungushwa kuelekea goti lililosimama, yaani kulia. Mkono wa kulia hutua sakafuni nyuma, na wa kushoto hulikumbatia goti au, kwa aliyezoea, kiwiko chake huvuka upande wa nje wa goti. Kisha miguu hubadilishwa na kazi ikarudiwa kushoto. Hatha Yoga Pradipika, andiko la Kisanskriti la karne ya 15, linaeleza namna ngumu zaidi ambapo unyayo mmoja hupandishwa hadi kwenye shina la paja la pili. Huu wetu ni nusu ya huo, na nusu inatutosha.

Januari: kifaa cha kupimia

Kabla ya mkao, nilitaka kipimo ambacho macho hayawezi kukidanganya. Kioo hakifai, kwa sababu mtu akigeuza shingo na kulivuta bega nyuma, anayeonekana kiooni ni mtu aliyejisokota barabara, hali mbavu zake hazijasogea hata kidogo. Kwa hiyo nimechukua mpini wa ufagio na kuufunga mgongoni kwa leso, chini ya ncha za mafupa ya mabega, mahali ambapo hauwezi kulifuata bega bali unazifuata mbavu. Sentimita 57 kutoka katikati ya mpini nimefunga uzi wenye nati nzito ya chuma mwishoni, yaani timazi, ile ile ya fundi mwashi. Nati huning'inia hadi karibu na vigae vya sakafu, na inapotulia ndipo panapotiwa alama ya chaki. Anayetia alama ni mtoto wa shangazi, maana aliyefungwa mpini mgongoni hawezi kuinama.

Umbali huo una hesabu yake. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 57 na ushei lina mzingo wa sentimita 360, kwa hiyo kila sentimita ya mzingo ni digrii moja, na futi ya fundi cherehani ikilazwa juu ya tao kati ya alama mbili inasoma digrii bila kikokotoo chochote. Mpini uko mgongoni, haupo katikati hasa ya mwili, kwa hiyo namba huzidi ukweli kidogo, lakini huzidi kwa uwiano ule ule kila mara, na mimi nalinganisha tu. Vigae navyo husaidia: mstari kati ya vigae ndio mwanzo, na mstari kutoka pembe ya kigae hadi pembe ya mkabala ni digrii 45.

Vipimo ni vya aina mbili. Cha kwanza huchukuliwa nikiwa nimeketi juu ya kigoda, nyayo chini, magoti yakiwa yamebana kikoi kilichokunjwa. Magoti yakibaki sawasawa, fupanyonga halikuzunguka. Goti moja likitangulia mbele ya mwenzake, kilichozunguka ni nyonga, na kipimo hicho kinatupwa. Cha pili huchukuliwa sakafuni, katika mkao kamili. Kwa kila kimoja kuna chaki nyeupe, inayoonyesha mgongo ulipofika bila mkono, na chaki ya buluu, inayoonyesha ulipofika baada ya mkono kuvuta. Pengo kati ya nyeupe na buluu ndilo ninalolifuatilia kuliko namba yenyewe.

Jambo dogo la mavazi lifaa liandikwe hapa. Dera ni vazi zuri la nyumbani katika joto la kaskazi, lakini huficha fupanyonga, na mwalimu wangu, mama wa Kihindi aliyezaliwa Makadara na anayesema Kimvita kutushinda sisi, hawezi kuona kama kiuno kimeanguka nyuma. Sasa mimi hufunga leso ya pili kiunoni juu ya dera. Upindo wa leso ukilala mlalo, kiuno kiko wima. Ukishuka nyuma, kiuno kimelala.

Februari: namba za kwanza

Juu ya kigoda, chaki nyeupe imetua digrii 38 kulia na 37 kushoto. Ya buluu imetua 50 na 49. Sakafuni mambo ni mengine kabisa: nyeupe 33 kulia, na 24 tu kushoto.

Namba hizi zilinifanya niurudie uti wa mgongo wenyewe. Juu ya sakramu (mfupa mpana ulio chini ya kiuno) na kifandugu, ambavyo pingili zake zimeungana, kuna pingili 24 zinazosogea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Nyuma ya kila pingili kuna viungo vidogo viwili viwili, na uelekeo wa nyuso zake ndio unaoamua pingili ifanye nini. Kiunoni nyuso hizo zimesimama kama kuta zinazotazamana kulia na kushoto, hivyo pingili ikijaribu kuzunguka, ukuta mmoja hugonga mwenzake mapema, na kila pingili hutoa digrii moja au mbili hivi. Kifuani nyuso zimelala zikitazama mbele na nyuma, na pingili huteleza kuzunguka kwa urahisi zaidi. Kinachozizuia huko ni mbavu. Jumla ya kifua ni digrii 30 hadi 35 hivi kwa kila upande. Shingo nayo ina hazina yake, na karibu nusu ya mzunguko wake wote hutoka kati ya pingili mbili za juu kabisa.

Kwa hiyo ile amri inayosikika sana katika madarasa, ya kumtaka mtu azungushe kiuno, inaelekezwa mahali pasipo na kitu cha kutoa. Anayeitii kwa bidii ataishia kukisukuma kiuno hadi mwisho wa viungo vyake, hali kifua kimekaa tu. Nimeanza kuanzia juu kidogo ya kitovu, mahali mbavu za chini zilipo, na kupanda. Kidevu kinabaki juu ya mfupa wa kifua mpaka mbavu zimalize kazi. Shingo ndiyo ya mwisho, na wala haina haja ya mazoezi ya ziada, kwa kuwa imezoea kugeuka kulia na kushoto mwishoni mwa kila swala.

Kuhusu kushoto, kigoda kimesema jambo ambalo nisingelibaini sakafuni. Mgongo unazunguka kushoto karibu sawa na kulia. Digrii 13 zinazopotea sakafuni upande wa kushoto hazipotei mgongoni. Zinapotea chini ya mgongo.

Machi: Ramadhani

Nimepunguza mazoezi na kuyahamishia alasiri, kabla jikoni hakujaanza kuchemka. Baada ya futari haiwezekani. Mkao huu unalibana tumbo kati ya paja na mbavu, na tumbo lenye mbaazi, viazi vya karai na kaimati lina haki ya kuachwa lipumzike. Hata nje ya Ramadhani ni vyema kupitisha saa mbili au tatu baada ya mlo. Alasiri tumbo ni tupu, lakini mwili una kiu, na misuli huchoka haraka; kwa hiyo nashika mkao kwa pumzi chache tu na sipimi.

Hata hivyo mwezi huu ndio uliofundisha zaidi kuliko mingine yote, na kilichofundisha ni tarawehe. Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na katika tahiyatu ya kutolea salamu, yaani kikao cha mwisho cha swala, tunakaa tawaruki: tako la kushoto limetua chini, mguu wa kushoto umekunjwa na unyayo wake umetokezea upande wa kulia chini ya mundi, na unyayo wa kulia umesimama juu ya vidole. Anayeswali rakaa 20 kwa salamu za rakaa mbili mbili hukaa hivyo mara kumi kwa usiku mmoja, mbali na swala tano za faradhi. Nikiwa katika moja ya vikao hivyo nilihisi kwamba mguu wangu wa kushoto umelala vile vile unavyolala katika msokoto wa kulia: goti nje, kisigino kimevuka kuelekea tako la pili. Nyonga ya kushoto imefanyiwa mazoezi hayo tangu utotoni, kila siku, bila kukosa. Nyonga ya kulia haijawahi kuombwa kukaa hivyo, na ndiyo inayokaa chini katika msokoto wa kushoto.

Nilipojipima kwa mkono, bila mpini, ilikuwa wazi. Nikiukunja mguu wa kulia chini ya paja la kushoto, tako la kulia huinuka kutoka sakafuni kiasi cha kupitisha vidole vinne, fupanyonga huanguka nyuma, na upindo wa leso hushuka. Misuli ya ndani ya tako ikiwa mikavu, huvuta fupanyonga lote nyuma; fupanyonga likilala nyuma, mgongo huinama; na mgongo ulioinama hauzunguki vizuri. Jambo hili la mwisho mtu anaweza kulijaribu hapo alipo juu ya kiti: azunguke akiwa amejikunja, kisha azunguke akiwa amenyooka, aone tofauti.

Swala haibadilishwi kwa ajili ya yoga, na sina nia hiyo. Kinachobadilishwa ni namna ninavyokaa nikichambua mchele au nikimenya vitunguu saumu: sasa hukaa kinyume, tako la kulia chini, mguu wa kulia umekunjwa kuelekea kushoto, kwa muda ninaoweza kustahimili bila goti kulalamika. Goti likianza kuuma kwa ndani, mguu hunyooshwa papo hapo, kwa sababu nyonga isiyokubali kuzunguka huusukumia mzigo wake goti, na goti halikuumbwa kwa mzunguko wa namna hiyo.

Aprili: mvua, na suala la asubuhi

Masika imeanza, na chumba kina unyevu wa kutosha kuufanya mkeka wa ukindu uteleze juu ya vigae. Chini yake nimetandika kipande cha mpira. Chini ya makalio kuna kikoi kilichokunjwa mara nne, ambacho kimeleta nafuu kubwa kuliko mwezi mzima wa kujivuta: tako la kulia limepata mahali pa kutua, fupanyonga limesimama, na kushoto sakafuni nyeupe imepanda hadi 30. Wapo wanaokiona kikalio kama ushahidi wa udhaifu. Kwangu mimi kikalio ni kipimo, maana unene wake unaniambia nyonga imefikia wapi, na siku kikoi kikikunjwa mara mbili tu nitajua imelegea kiasi gani.

Mguu wa chini nao sasa unanyooshwa, haukunjwi, ninapofanya kushoto. Mwalimu ameruhusu, na ameongeza kwamba anayekaa vizuri na mguu ulionyooka anafanya mkao huu sahihi zaidi kuliko anayekunja miguu yote miwili huku amening'inia upande mmoja.

Jambo la pili la mwezi huu ni saa ya mazoezi. Kikundi cha wenzangu hufanya mara tu baada ya Alfajiri, na kwa mwenye kazi mjini saa hiyo ni nzuri, kwani joto bado halijapanda na foleni ya daraja la Nyali haijaanza. Mgongo, lakini, una hoja yake. Usiku, mtu akiwa amelala, diski zilizo kati ya pingili hunyonya maji, na anapoamka huwa mrefu kwa sentimita moja hadi mbili kuliko alivyolala. Diski iliyojaa maji ni ngumu, na ikikunjwa au kusokotwa, nyuzi zake za pembeni hukazika zaidi. Nyuzi hizo zimepangwa kwa matabaka, tabaka moja likiinamia kulia na linalofuata likiinamia kushoto, mfano wa miyaa ya mkeka inavyopishana. Mtu anaposokota mgongo, ni nusu ya nyuzi tu zinazovutwa, na nusu nyingine hulegea. Mgongo ukiinama na kusokotwa kwa wakati mmoja, mzigo huongezeka mahali pale pale. Sehemu kubwa ya urefu huo wa ziada hupotea katika saa ya kwanza baada ya kuamka, kwa sababu ya kusimama na kutembea tu. Kwa hiyo nimesogeza msokoto baada ya chai, na asubuhi mapema nabaki na kutembea na kunyoosha mabega. Wenzangu wameiona hii kuwa tahadhari ya kupindukia. Kwa mtu wa miaka ishirini mwenye mgongo mzima labda ndivyo, lakini mimi nashinda kitini kutwa nzima katika ofisi ya uwakala wa forodha nikijaza fomu za makontena, na diski zangu sizichezei.

Mei: shangazi na mbuzi

Shangazi ametuona na mpini, uzi na chaki tangu Januari na amekuwa akipita bila neno. Mwezi huu, alasiri moja alipokuwa akikuna nazi, alizungumza. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi, magoti nje, mgongo umenyooka, sufuria ya nazi zilizovunjwa ikiwa nyuma yake upande wa kushoto na sinia ya nazi iliyokunwa mbele. Kila kifuu kilipokwisha, aligeuka nyuma, akakiacha, akachukua kingine, akarudi. Mikono yake ilikuwa na kazi. Hakuna mmoja uliogusa goti wala sakafu.

"Shangazi," nikamwambia, "naomba nikupime."

"Nipime nini, mwanangu? Nazi haingoji mtu ajinyonge."

Alikubali baada ya nazi kwisha, mpini ukafungwa kwa leso yake mwenyewe. Ana miaka sabini na kitu. Juu ya kigoda chaki yake nyeupe ilitua digrii 29 kulia na 31 kushoto, chini yangu kama inavyotarajiwa, kwani mbavu na gegedu zake hukakamaa na umri. Lakini nilipomwomba ajivute kwa mkono, buluu ilitua 33 na 34. Pengo lake ni digrii tatu au nne. Langu ni kumi na mbili.

Nimelifikiria pengo hilo kwa muda. Mimi nina nafasi kubwa ya mzunguko ambayo misuli yangu haiwezi kuitumia bila mkono kuisukuma. Yeye ana nafasi ndogo, lakini karibu yote ni yake. Katika maisha ya kila siku, mtu anapogeuka ghafla kumwangalia aliyemwita nyuma au kushika kitu kinachoanguka, hakuna mkono unaomsaidia, na nafasi ile isiyo na misuli ya kuisimamia haimfaidi kitu. Inaweza hata kumdhuru, kwa kuwa atafika huko kwa kasi na hana cha kumzuia.

Kwa sababu hiyo nimeongeza zoezi ambalo halipo katika darasa letu. Baada ya kufika mwisho kwa msaada wa mkono, huuachia mkono polepole na kujaribu kubaki pale pale kwa pumzi tatu. Mwanzoni kiwiliwili kilikuwa kikirudi chenyewe mara tu mkono unapoachia. Misuli inayofanya kazi hiyo ni ile ya mshazari ya tumbo: ukizunguka kulia, wa ndani wa upande wa kulia hushirikiana na wa nje wa upande wa kushoto, pamoja na misuli midogo iliyo kati ya pingili na pingili. Siku iliyofuata niliihisi ubavuni nilipocheka, na nilifurahi kuihisi.

Juni: Mama Ngina

Juni 21 ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Kikundi chetu kilikutana Jumapili iliyo karibu nayo kwenye nyasi za bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, upande wenye mibuyu. Kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu, na mikeka ilibidi iwekewe viatu pembeni. Nyasi pale zinashuka kuelekea baharini, na aliyeketi ubavu kwa mteremko hupata tako moja juu na jingine chini. Nimewaomba wote wakae wakiutazama mkondo wa Kilindini au kuupa mgongo.

Alikuwapo mwenzetu mjamzito, naye mwalimu alimtaka asijisokote kuelekea goti bali afungue upande wa pili, tumbo likiwa huru. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, mwenye ngiri, mwenye mifupa iliyopungua uzito, na mwenye maumivu yanayoshuka mguuni kutoka kiunoni waliambiwa wasifanye mpaka wazungumze na daktari. Maneno hayo yalisemwa mara moja, yakaeleweka.

Yaliyochukua muda ni mengine. Mtu mmoja alieleza kwamba msokoto huu hulikamua ini na kuutoa mwilini uchafu wote wa sumu. Maandiko ya kale yenyewe yanausifu kwa kuamsha moto wa kumeng'enya chakula, na hiyo ni lugha yao na ina heshima yake. Lakini ini halikamuliwi. Damu hupita ndani yake mchana na usiku, mtu akiwa amelala au amesimama, na ini ndilo linalozibadilisha sumu, kisha figo na nyongo huzitoa. Msokoto unalisukuma tumbo, na wapo wanaosikia matumbo yakiamka baadaye. Nami nimewahi kusikia. Hilo linatosha kusemwa bila kuongezewa.

Niliulizwa pia, kama ninavyoulizwa mara nyingi Mombasa, iwapo Mwislamu anafaa kufanya jambo lenye asili ya ibada ya wengine. Darasani kwetu hakuna anayeimba wala anayesujudia chochote. Tunapumua na kunyoosha viungo. Ambaye nafsi yake haijatulia na hilo, kigoda changu na mpini wa ufagio havina dini, naye anaweza kuzungusha mbavu zake nyumbani.

Julai: pumzi

Hali ya hewa imepoa, jasho limepungua, na kiwiko hakitelezi tena juu ya goti. Nimepata nafasi ya kushughulikia kitu ambacho chaki haikioni.

Kiwambo cha pumzi kimeshikana na mbavu za chini na pingili za juu za kiuno. Mbavu zikizungushwa, upande mmoja wa kifua hubanwa na wa pili hufunguka, na kiwambo hufanya kazi katika chumba kilichopinda. Mwalimu ana kipimo chake kimoja tu: pumzi ya ndani na ya nje zikiwa sawa kwa urefu, umekaa mahali pako, pumzi ya nje ikianza kusukumwa, umepita. Nimekijaribu pamoja na chaki, na nimeona kwamba pumzi huanza kukatika digrii chache tu baada ya alama nyeupe, mapema sana kabla ya ile ya buluu. Sehemu yote iliyobaki kati ya hapo na buluu nilikuwa nikiipita nimezuia pumzi bila kujijua. Mtu akizuia pumzi, misuli ya tumbo hukaza kuzunguka kiwiliwili chote, na misuli iliyokazwa pande zote haimruhusu azunguke. Hivyo mkono hulazimika kuvuta zaidi, na pumzi hukatika zaidi.

Kwa hiyo mpangilio wa sasa ni huu. Pumzi inapoingia, kichwa kinapanda, wala kifua hakizunguki; wakati mwingine hata narudi nyuma digrii moja au mbili ili nipate urefu. Pumzi inapotoka, mbavu za chini zinazunguka, kidogo. Mkono unafuata mahali kifua kilipokwishafika na kuishikilia nafasi hiyo, hauvuti. Baada ya pumzi tano au sita hakuna kilichobaki cha kuzungusha, na hapo ndipo shingo inapogeuka.

Vipimo vya mwisho wa mwezi: juu ya kigoda nyeupe 44 kulia na 43 kushoto, buluu 51 na 50. Sakafuni, kikoi kikiwa kimekunjwa mara mbili, nyeupe 39 kulia na 36 kushoto. Buluu imesogea digrii moja tu tangu Februari, nami sitarajii isogee zaidi, kwa kuwa pale mbavu na viungo vimeshasema mwisho wao. Kilichokua ni nyeupe. Pengo la juu ya kigoda limeshuka kutoka kumi na mbili hadi saba, na tofauti kati ya kulia na kushoto sakafuni kutoka tisa hadi tatu, na kwa hiyo ya pili shukrani ni za kuchambua mchele.

Agosti: yatakayofuata

Mwalimu amependekeza hatua ya kufunga mikono, ambapo mkono mmoja hupita chini ya goti lililosimama na kukutana na mwenzake nyuma ya mgongo. Wenzangu wawili wanaifanya, na inapendeza machoni. Nimeomba niiache kwa sasa. Mikono ikishafungwa, mwili hauwezi kurudi, na kipimo cha nyeupe kinakosa maana. Tena anayefanikiwa zaidi hapo ni mwenye mabega mepesi na mikono mirefu, na hilo ni suala la mradi mwingine.

Badala yake nitafanya mambo mawili. La kwanza ni kukiondoa kikoi kabisa upande wa kulia na kukibakisha kushoto tu, kwa kuwa kulia hakihitajiki tena na kinaniinua bure. La pili ni kubadilisha ofisi. Printa yangu iko nyuma upande wa kulia, na kwa miaka yote nimekuwa nikiifikia kwa kuzungusha kiti chenye magurudumu. Nimeomba ihamishiwe nyuma upande wa kushoto, na kiti nimekibadilisha na kisichozunguka. Msimamizi ameuliza sababu, nikamwambia ni ya kiafya, akatia saini.

Kipimo kijacho kitachukuliwa kaskazi itakaporejea, kwa mpini ule ule na uzi ule ule. Shangazi amesema atapimwa tena kwa sharti kwamba mpini uoshwe kwanza, kwa sababu ni wa ufagio wa uani.